Mwalimu, Sauti Inakatika

Wanafunzi wangu wa mwaka 2024 walijua kusema "sauti inakatika" kabla ya kujua kuhesabu mpaka ishirini. Nafundisha wageni Kiswahili kwa njia ya video, kwenye chumba cha nyuma cha nyumba tuliyopanga Tabata Segerea, Dar es Salaam. Tangu tuhamie hapo mwezi Machi mpaka Agosti sikumaliza kipindi hata kimoja cha jioni bila mtu kuniambia maneno hayo. Kijana mmoja wa Leipzig, Ujerumani, mpenda sarufi kuliko chakula, akanisahihisha siku moja: "Mwalimu, si sauti tu. Wewe mzima unakatika." Nilicheka. Wiki ile ile wanafunzi wengine wawili waliniaga kwa adabu, wakasema watarudi mtandao wangu ukikaa vizuri. Hawajarudi. Kila mmoja alikuwa analipa shilingi elfu ishirini na tano kwa kipindi, vipindi viwili kwa wiki.

Juu ya hasara hiyo nilitoa 275,000 kutafuta dawa. Zilizofanya kazi ni 60,000. Nyingine zote nilizitupa kwa sababu nilikuwa nanunua kasi, wakati ugonjwa wangu haukuwa kasi.

Nianze na aibu ya kwanza. Kifurushi changu kilikuwa cha faiba, megabiti 20 kwa sekunde, 70,000 kwa mwezi. Wiki ya pili nilikuwa nashusha faili kubwa kwenye kompyuta nikaona imeandikwa 2.4 kwa sekunde. Ishirini nalipia, mbili na nusu napata! Nilipiga simu huduma kwa wateja na sauti niliyowatolea siwezi kuiandika hapa. Dada wa watu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza taratibu kama mbele ya ile namba kuna herufi B kubwa au ndogo. Ilikuwa kubwa. Kumbe kampuni zinauza megabiti, kompyuta inaonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Gawa 20 kwa 8 unapata 2.5. Nilikuwa napata haki yangu yote. Nilimwomba radhi, lakini nina hakika jina langu waliliwekea alama.

Aibu ya pili ilikuja Jumapili, tarehe 12 Mei. Asubuhi mtandao ulianza kujikokota, baadaye karibu ufe kabisa. Nilizima ruta, nikawasha. Nikazima tena. Kisha nikachukua ile sindano ya kutolea laini ya simu nikaichomeka kwenye kitundu kilichoandikwa RESET nyuma ya ruta, nikahesabu mpaka kumi. Taa zote zikazima, zikawaka, na ile ya intaneti ikabaki nyekundu.

Nilichokuwa sijui ni mambo mawili. La kwanza, siku hiyo ugonjwa haukuwa wangu. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika upande wa Afrika Kusini, na nchi kadhaa za mashariki mwa Afrika, Tanzania ikiwemo, zilikuwa zinahangaika. Hata bando la simu lilikuwa linasuasua, na hilo peke yake lingetosha kunifungua macho: kama faiba ya nyumbani na laini ya simu ya kampuni nyingine zinaumwa kwa saa moja, mgonjwa hayuko sebuleni kwako. La pili, kile kitundu si cha kuzima na kuwasha. Kinafuta kila kitu, pamoja na jina na nywila ambayo fundi aliingiza siku ya kufunga ili ruta itambulike kwa kampuni. Nilipopiga simu, kaka aliyepokea aliniuliza, "Dada, umebonyeza reset?" Nikasema ndiyo. Alikaa kimya kidogo. Siku zile kila mtu nchini alikuwa anapiga simu, kwa hiyo nilisubiri mpaka Jumatano kurudishiwa mipangilio. Watu wengine walianza kupata mtandao wa kusuasua tangu Jumatatu.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kitu, muulize jirani. Kisha jaribu bando la kampuni tofauti. Ukitaka kuzima ruta chomoa umeme, hesabu dakika moja, rudisha. Kitundu kile kiache kama kilivyo mpaka fundi akuambie mwenyewe kwa simu. Na ile nywila iombe siku ya kufungiwa, uiandike kwenye karatasi na kuibandika chini ya ruta.

Mwezi Juni niliingia kwenye matumizi. Kwanza nikapandisha kifurushi mpaka megabiti 40, nyongeza ya elfu arobaini kila mwezi. Kisha nikanunua Kariakoo kile kifaa cha kurudia mawimbi ya waifai, 55,000, nikakichomeka koridoni. Simu ilianza kuonyesha mistari yote imejaa, nikajisikia nimemaliza kazi. Jioni yake mwanafunzi aliniambia naongea kama mtu aliyeko ndani ya pipa.

Kifaa kile, nimekuja kuelewa, hakitengenezi intaneti. Kinasikia neno kutoka kwenye ruta, kisha kinalirudia kwa sauti kubwa, na vya bei rahisi kama changu vinatumia redio moja kwa kusikia na kusema. Kila kitu kinapita hewani mara mbili, kwa hiyo kasi inashuka kama nusu na muda unaongezeka. Mistari iliyojaa kwenye simu yangu ilikuwa inapima nilivyo karibu na kile kifaa, basi. Haikujua lolote kuhusu safari iliyobaki.

Aliyenitoa gizani ni kijana wa duka la kompyuta, nilipokwenda kumwuliza bei ya ruta kubwa zaidi. Hakuniuzia. Aliniuliza: "Mama, umewahi kupima kwa waya?" Sikuwahi. Miezi mitatu nilikuwa napima kasi kwa simu, chumba cha nyuma, mlango umefungwa, kuta mbili za tofali katikati na friji koridoni. Akanikata mita kumi na tano za kebo, akanibania vichwa, akanifundisha jambo ambalo nimeshalifundisha nusu ya mtaa.

Unachomeka kompyuta kwenye ruta kwa waya. Kwenye Windows, unafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, unaandika ping, nafasi, kisha anwani ya ruta yako, ambayo kwangu ilikuwa 192.168.1.1, unaongeza -t ili isisimame. Unafungua dirisha la pili, unafanya hivyo hivyo kwa 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google iliyoko nje ya nyumba. Kila sekunde kompyuta inatuma hodi na kuhesabu milisekunde mpaka iitikiwe. Hapo unakaa na kikombe chako cha chai unatazama namba. Zikipanda kwenye dirisha la kwanza, ugonjwa uko ndani ya nyumba yako: waifai, kebo au ruta yenyewe. La kwanza likitulia na la pili likapanda, ugonjwa uko kwenye laini au mbele yake.

Nilianza na waifai, kwa makusudi, nione. Kutoka chumba cha nyuma, hodi ya kufika kwenye ruta iliyoko mita tisa kutoka nilipokaa ilichukua milisekunde 4, kisha 130, kisha 7, kisha 310. Kwa waya: moja, moja, moja, mbili, moja. Nilikaa naziangalia zile moja kama mtu anayeangalia mtoto aliyelala.

Nusu ya tatizo ilikuwa hewani basi. Simu ilinionyesha mitandao ya waifai 19 ya majirani, karibu yote kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na mingi imerundikana chaneli ya 6. Kwenye masafa hayo chaneli zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11. Nilihamia ya 11, na simu za sebuleni nikaziweka kwenye gigahezi 5, ambayo ni haraka zaidi ila haipendi kuta. Mimi nikabaki na waya wangu, umepita juu ya mlango, umebanwa na misumari midogo. Mume wangu anasema unaharibu sura ya nyumba. Kweli unaharibu.

Lakini dirisha la pili lilikuwa bado linaumwa. Nilituma hodi mia moja kwenda 8.8.8.8, saba hazikuitikiwa kabisa. Saba katika mia ukishusha filamu zitakuchelewesha, lakini filamu itafika nzima, maana kompyuta huomba tena kilichopotea na wewe husubiri tu. Kwenye maongezi hakuna nafasi ya kuomba tena. Silabi iliyopotea imepotea, na mwanafunzi anasikia "nina-penda ku-la" akidhani ndiyo matamshi ya Dar es Salaam.

Safari hii nilipopiga simu sikulalamika. Niliwaambia: nimepima kwa waya, ruta inajibu kwa milisekunde moja, nje zinapotea hodi saba katika mia, saa hizi na hizi, picha za skrini ninazo. Mazungumzo yalibadilika papo hapo. Hawakuniambia nizime na kuwasha. Nikapewa namba ya tiketi na fundi akaja kesho yake saa nne asubuhi. Kama wangenizungusha ningekwenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano nchini, lakini hata kule wanataka uwe umeanza kwa mtoa huduma wako, kwa hiyo namba ya tiketi itunze.

Fundi alikuwa kijana mdogo, akaniamkia shikamoo, akavua viatu mlangoni ingawa nilimkataza. Alichomoa uzi wa faiba kwenye kile kisanduku cha kampuni kinachoupokea, akauchomeka kwenye kipimo chake. Kikasoma hasi 29. "Mama, mwanga unakufikia umechoka sana," akasema. Kwa vifaa kama vya kwangu, alinieleza, ikishuka chini ya hasi 27 kisanduku kinaanza kubahatisha. Akatoa kitu kama kalamu, akakichomeka kwenye uzi, akaniomba nifunge mapazia.

Nyuma ya kabati la vyombo palikuwa na nukta nyekundu inang'aa. Ilikuwa kama kaa la moto lililosahaulika jikoni. Kalamu ile inapitisha mwanga mwekundu ndani ya uzi, na mahali uzi ulipokunjwa kupita kiasi mwanga unavuja nje, unauona kwa macho. Kabati langu lilikuwa limeusukuma uzi ukutani mpaka ukakunjika karibu pembe mraba. Nani aliweka kabati pale? Mimi, wiki tuliyohamia, na nilimsimamia fundi seremala alisogeze zaidi ili likae sawa na dirisha.

Tulilivuta sentimita kumi. Fundi akakata kipande kilichoumia, akaunga upya, akaulaza uzi kwenye mduara mpana kama sahani. Kipimo kikasoma hasi 19. Sikutozwa kitu. Alikunywa soda, akaondoka, na nikamwandikia kijana wa Leipzig kwamba shida zimekwisha.

Zilikwisha kweli, mpaka saa moja na nusu usiku.

Hapo nilitaka kulia. Mchana kutwa hodi zilikuwa zinarudi kwa milisekunde 30, hakuna inayopotea. Ikifika muda wa kipindi: 400, 900, 1,200. Sekunde nzima na ushei! Nikapima kasi, ikaniambia megabiti 38, hongera. Kila aliyenishauri alisema ni majirani wamerudi kazini, ni msongamano wa jioni, vumilia. Huwa inatokea kweli, na nilikaribia kukubali. Ila Jumapili moja mdogo wangu alisafiri kwenda Morogoro kupiga picha za harusi, na jioni ile hodi zilibaki 30 mpaka nikalala.

Mdogo wangu anakaa nasi. Anapiga video za sherehe. Kila siku anaporudi, kabla hata ya kunawa, anafungua kompyuta yake, na ile programu ya kuhifadhi kazi mtandaoni inaanza kupandisha video za siku nzima. Gigabaiti kwa gigabaiti. Kifurushi changu kilikuwa megabiti 40 kushusha, lakini kupandisha kilikuwa 6, na kile nilichokuwa nalipia elfu arobaini za ziada kiliongeza upande wa kushusha peke yake. Sikuwahi hata kuangalia ile namba ya pili.

Nilipoelewa kinachotokea nilikumbuka pantoni ya Kigamboni. Waweza kuleta pantoni kubwa mara mbili, itabeba magari mengi zaidi, lakini dakika za kuvuka maji ni zile zile. Na kama foleni ya upande wa Magogoni imejaa malori ya mchanga, mama mwenye kikapu cha samaki atasimama nyuma yao hata kama yeye angeenea kwenye kona yoyote. Video za mdogo wangu ndizo malori. Sauti yangu ni huyo mama: kidogo mno, nyepesi mno, inasubiri nyuma. Ruta za kawaida zina kumbukumbu kubwa ya kupangia foleni, na badala ya kukataa mzigo uliozidi zinaupanga tu, foleni inazidi kurefuka, na kila kitu kinachotoka ndani ya nyumba kinasimama mkiani. Kipimo cha kasi hakikuweza kuliona hilo kwa sababu chenyewe kinahesabu malori yaliyovuka. Wataalamu wameshalipatia tatizo hili jina na dawa tangu miaka ya 2010, ila dawa haimo kwenye ruta nyingi tunazopewa bure.

Usihangaike kuamini maneno yangu. Acha dirisha la hodi likienda, kisha tuma video kubwa kutoka kwenye simu. Zikiruka kutoka 30 kwenda mamia, umeshampata mchawi, na kuongeza kifurushi hakutamgusa.

Nilimwita mdogo wangu, nikamwonyesha namba zinavyoruka anapobonyeza kitufe cha kusimamisha na kuendelea. Alibonyeza mara tano sita. "Dada, kumbe ni mimi?" Alisikitika kiasi cha kutaka kuhamia kwa rafiki yake. Nikamwambia akae. Tuliingia kwenye mipangilio ya ile programu, tukaiwekea kikomo cha megabiti 3, na video kubwa tukazipangia kuanza saa saba usiku. Hilo lilitosha kwa asilimia kubwa, na halikugharimu kitu.

Zile 60,000 zilikwenda kwenye ruta iliyotumika, kutoka kwa yule yule kijana wa dukani, ambayo inaweza kuwekewa OpenWrt, programu huria ya kuendeshea ruta. Ndani yake kuna kipengele cha kusimamia foleni. Unakiambia laini yako ina uwezo wa kiasi gani, ila unataja pungufu kidogo: kwa 6 yangu niliandika 5, ili foleni iundwe ndani ya ruta yangu inayojua kupanga, isiundwe kwenye kisanduku cha kampuni kisichojua. Kinafanya kazi ya askari wa kivukoni: malori yanapita, lakini wenye vikapu hawasimami nyuma yao. Sasa mdogo wangu akipandisha video nzima huku nafundisha, hodi zinapanda mpaka 40, au 45. Nilirudi kifurushi cha 20 mwezi uliofuata. Kwa maongezi ya video megabiti 2 au 3 zinakutosha, pande zote mbili.

Ujerumani haitasogea. Mwanga ndani ya uzi wa kioo unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, na kutoka Dar es Salaam mpaka Frankfurt ni kama kilomita 7,000 ukipiga rula kwenye ramani. Kwenda na kurudi tu ni milisekunde 70, na nyaya hazifuati rula, zinazunguka bahari. Mimi napata 165 siku njema. Siku nyaya zinapopata matatizo baharini, milisekunde zinafika 300, nami nawaambia wanafunzi tupunguze kudakiana maneno, kila mtu amalize sentensi yake. Hakuna ruta ya kununua kwa ajili ya hilo, na atakayekuambia ipo anataka pesa yako.

Wiki iliyopita, katikati ya somo la vitenzi, kijana wa Leipzig aliinua mkono. Alisema anasikia kitu kama chuma kinagongana, kwa mbali, tena na tena, ni nini? Nilinyamaza nikasikiliza. Alikuwa muuza kahawa anapita nje na vikombe vyake. Tukaacha vitenzi vya kitabuni, tukaanza na gonga, gongana, gonganisha.